Nilipie au nisubiri?

Jumamosi iliyopita, hata rimoti sijamaliza kuzipanga kwenye kabati la kioo, mama mmoja wa Kirumba aliingia dukani amebeba king'amuzi kimefungwa kwenye kitenge. Ana mgahawa jirani na uwanja wa CCM Kirumba. Siku ya mechi kubwa viti havitoshi, watu wanakula wamesimama. Siku isiyo na mechi anafunga mapema. Najua riziki yake inavyolitegemea boksi lile, kwa hiyo niliacha rimoti zangu nikachomeka waya.

Kikawaka vizuri, picha safi, kadi inasoma.

"Sikukileta kwa ubovu, dada," akasema. "Nasikia kampuni imechukuliwa na Wafaransa, wameungana. Mwezi wangu unaisha kesho. Nilipie au nisubiri?"

Nilimwambia alipie, akalipia, akaondoka kuwahi samaki. Jibu langu halikufika hata nusu dakika, na limenisumbua tangu siku ile. Wateja wengine wanne wameniuliza swali hilohilo wiki hii, mmoja alipiga simu kutoka mwaloni Igombe, nasikia injini za mitumbwi nyuma yake. Watu hawa wanastahili maelezo ya maana zaidi, kwa hiyo nayaandika.

Habari yenyewe kwa ufupi: Canal+ ya Ufaransa imeichukua MultiChoice ya Afrika Kusini, ambao ndio wenye DStv. Walikubaliana randi 125 kwa hisa moja, mamlaka ya ushindani ya Afrika Kusini ikaridhia Julai 2025, na Septemba mwaka huohuo usukani ukahamia kwa Wafaransa. Kwa pamoja wanasema wana wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70. Mgahawa wa Kirumba ni mmoja kati ya hao milioni 40.

Mimi si mchumi. Duka hili karibu na soko la Mlango Mmoja lilikuwa la baba, fundi redio, na mimi nimekulia chini ya meza yake nikiokota vipande vya risasi ya kulehemu nyaya. Alikuwa na tabia moja: kila redio aliyoifungua, aliandika tarehe na ugonjwa wake kwenye kipande cha plasta, akakibandika ndani ya mfuniko kabla ya kufunga skrubu. Mpaka leo mtu ananiletea redio ya marehemu babu yake, nafungua, nakutana na mwandiko wa baba: "14/6/98, spika." Kutoka redio tulihamia madishi. Nimetoboa mawe ya Mabatini kwa drili kutafuta pa kusimika nguzo, kwa sababu kule mlimani jiwe ndilo imara kuliko paa. Hapa Mwanza satelaiti tunayoitumia zaidi iko nyuzi 36 Mashariki na sisi tuko karibu nyuzi 33, chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo iko karibu utosini. Mafundi wanaotoka mikoa ya kusini hushangaa wakiona tunavyoelekeza madishi yetu mbinguni.

Jambo hili la kampuni mbili za satelaiti kuwa moja nimelifuatilia kwa miaka mingi, na sikulijifunzia kwenye televisheni. Nililijifunzia kwenye redio, tena redio za Marekani, kupitia mdogo wangu.

Yeye aliondoka mwaka 2004, sasa anaendesha lori. Anasema ukitoka Ohio kushuka Texas, stesheni za FM zinakufa moja baada ya nyingine, kila saa unatafuta nyingine, na katikati kuna maeneo husikii kitu ila mkwaruzo. Kwa hiyo dereva hununua redio ya satelaiti. Analipia kwa mwezi, kama sisi tunavyolipia vifurushi, na sauti haikatiki kutoka pwani hadi pwani. Yeye alichukua ya kampuni iitwayo XM. Mwenzake waliyekuwa wakipokezana lori alikuwa na ya kampuni nyingine, Sirius. Kila moja ilikuwa dola 12.95 kwa mwezi, na kila moja ilikuwa na chaneli yake ya madereva wa malori, ya kuzungumzia barabara, mizani na mafuta.

Nikamuuliza, kwa nini msitumie redio moja mkabadilishana kadi? Akacheka. Haikuwezekana, na sababu yake kama fundi niliipenda. XM ilirusha kwa satelaiti mbili zilizosimama juu ya ikweta, wakaziita Rock na Roll. Sirius ilirusha kwa tatu ambazo hazisimami, zinazunguka kwa njia ya umbo la yai ili zikae muda mrefu juu ya Amerika Kaskazini. Masafa mbalimbali, mfumo mbalimbali. Redio ya huyu ilikuwa kiziwi kwa yule. Tena redio zenyewe nyingi zilikuja zimefungwa ndani ya gari kutoka kiwandani: ukinunua gari la GM au Honda umepata XM, ukinunua Ford umepata Sirius. Hukuchagua redio, ulichagua gari.

Serikali yao ilitoa leseni hizo mbili mwaka 1997, kila kampuni ikalipa zaidi ya dola milioni 80, na sharti liliandikwa kabisa kwamba mmoja asije akamnunua mwingine. Walitaka wawe wawili ili washindane. Lakini kurusha satelaiti ni gharama kubwa mno, na kuvutia wasikilizaji ni gharama nyingine. Sirius peke yake iliahidi dola milioni 500 kwa miaka mitano kumpata mtangazaji mmoja, Howard Stern. XM ikachukua besiboli, Sirius ikachukua NFL, ligi ya ule mpira wao wa Kimarekani. Mpenzi wa michezo yote miwili ilibidi awe na redio mbili na bili mbili. Na hata hivyo hakuna kati yao aliyepata faida. Tarehe 19 Februari 2007 wakatangaza wanataka kuungana.

Hapo ndipo ulipoanza ubishi ambao ningependa kila mteja wa king'amuzi aujue. Wapinzani, wakiongozwa na chama cha wenye stesheni za kawaida za redio, walisema: wako wawili, wakibaki mmoja huo ni ukiritimba, atapandisha bei apendavyo. Kampuni zikajibu: hapana, sisi hatushindani sisi kwa sisi tu, tunashindana na FM za bure, na vichezeo vya muziki vya mfukoni, na redio za intaneti.

Mtu wa Sengerema anaelewa ubishi huu bila kusomeshwa. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, ulikuwa unavuka kwa kivuko cha Busisi au kwa Kamanga. Foleni ikizidi huku, unageuza gari unakwenda kule. Sasa fikiria wenye vivuko hivyo viwili wanataka kuwa kampuni moja, halafu wanakwambia usiogope, kwa sababu mitumbwi ipo na njia ya kuzunguka ziwa ipo. Ni kweli ipo. Lakini mwenye lori la mahindi hapandi mtumbwi.

Miezi 17 walisubiri. Machi 2008 Wizara ya Sheria ya Marekani ikafunga uchunguzi wake bila kupinga, na moja ya sababu ilizotoa imenikaa kichwani tangu mdogo wangu aliponisomea kwa simu. Walisema mteja ambaye tayari ana redio ya kampuni moja hahami kwenda ya pili, kwa sababu chombo chake hakipokei, kwa hiyo kwake ushindani haupo tangu zamani. Maana yake, kile kilichomfunga mteja ndicho kilichotumika kuruhusu afungwe zaidi. Siwezi kuisoma hoja hiyo bila uchungu, maana tangu siku za leseni iliagizwa kwamba redio ziundwe ziweze kupokea huduma zote mbili, na kabla ya muungano redio ya namna hiyo haikufika madukani. Ingefika, mdogo wangu na mwenzake wangekuwa na uwezo wa kuhama, na wizara isingekuwa na la kusema.

Julai 2008 tume yao ya mawasiliano ikapiga kura, watatu kwa wawili, ikakubali. (Tume hiyo kwa herufi zao ni FCC. Msiichanganye na FCC yetu, ambayo ni Tume ya Ushindani. Kazi ya FCC yao hapa kwetu inafanana zaidi na ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.) Haikukubali bure. Iliweka masharti: bei isipande kwa miezi 36, redio ya kupokea huduma zote mbili ipatikane, sehemu ya chaneli ikabidhiwe kwa watangazaji wengine, na mteja aweze kuchagua chaneli anazozitaka tu badala ya kulipia kifurushi kizima.

Sharti hilo la mwisho ndilo kila mteja duniani analiota. Mama wa Kirumba anataka mpira na taarifa ya habari. Chaneli za mapishi na katuni analipia bure. Basi, walilitimiza: chaneli 50 za kuchagua mwenyewe kwa dola 6.99, karibu nusu ya bei ya zamani. Ila ilihitaji redio mpya. Redio zilizokuwa tayari kwenye magari na malori, mamilioni yake, hazikuwa na uwezo huo. Nafuu ilikuwepo, na mlango wake ulikuwa wa kununua chombo kingine.

Na bei je? Bei ya msingi, dola 12.95, ilikaa palepale, ahadi ilitimizwa. Lakini Machi 2009 redio ya pili ya mteja huyohuyo, ile ya gari la mke au ya nyumbani, ilipanda kutoka dola 6.99 hadi 8.99. Julai mwaka huo ikaongezwa tozo ya haki za wanamuziki, dola 1.98 kwa mwezi, na masharti yaliruhusu tozo ya aina hiyo. Kufuli la bei lilifunguliwa katikati ya 2011. Wateja walikuwa wamekwenda mahakamani, na katika kumaliza kesi kampuni ikakubali kusubiri hadi mwisho wa mwaka. Tarehe 1 Januari 2012 bei ikawa dola 14.49, nyongeza ya asilimia 12 hivi.

Ndiyo maana nasema bei haipandi siku ya ndoa. Siku ya ndoa kila mtu anaangalia, magazeti yapo, tume ipo. Inapanda miaka mitatu baadaye, wageni wameshakwenda kwao.

Kwenye chaneli haikuchukua hata miaka mitatu. Novemba 12, 2008, miezi minne tu baada ya kukubaliwa, orodha za XM na Sirius ziliunganishwa. Palipokuwa na chaneli mbili za muziki wa namna moja ikabaki moja, na watu walioamka asubuhi hawakumkuta mtangazaji waliyemzoea. Aliyetaka vipindi vya upande wa pili, kama vile Howard Stern kwa mwenye XM, aliongeza dola 4. Chaneli za madereva wa malori zilikuwa mbili, leo iko moja. Mdogo wangu husema kwamba bei angeweza kuizoea. Alichokosa ni ile sauti ya usiku, ya mtu aliyekuwa akimsikiliza kilomita na kilomita kama jamaa yake.

Sasa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu nauamini pia. Februari 2009, miezi saba tu baada ya kuungana, kampuni hiyo mpya ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, ikaokolewa na mkopo wa dola milioni 530 kutoka Liberty Media, kampuni nyingine ya Marekani. Kama hata wawili waliounganishwa walifika hapo, kila mmoja peke yake angefika wapi? Leo bado inarusha, ina wateja zaidi ya milioni 30, na mdogo wangu bado analipia.

Na sisi Afrika tulikuwa na redio yetu ya satelaiti. Iliitwa WorldSpace, mwanzilishi wake Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Satelaiti yao, AfriStar, ilirushwa Oktoba 1998, ikakaa nyuzi 21 Mashariki. Wengi hawajui kwamba fedha za WorldSpace zilikuwa miongoni mwa zilizoilea XM ikiwa bado mchanga. Padri mmoja aliyekuwa na redio hiyo alimwachia baba alipohamishwa parokia. Nakumbuka antena yake: bapa, ndogo kama daftari la shule, baba akaielekeza dirishani, upande wa Sengerema na juu sana, akaisogeza kidole kwa kidole. Halafu BBC ikaingia. Sisi tuliozoea masafa mafupi, sauti inakuja na kuondoka kama wimbi, tulikaa kimya. Ilisikika kana kwamba mtu yuko chumba cha pili. WorldSpace iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Oktoba 2008, miezi mitatu baada ya XM na Sirius kuungana. Yule mtoto aliyelelewa alipata mwenzi akaishi. Mlezi alikuwa peke yake.

Nimeona kwa macho yangu kampuni ikifa inavyomfanya mteja. Kuna kampuni ya ving'amuzi, jina naliacha, ilifunga ghafla nikiwa na boksi zake stoo na nyingine nimeziuza wiki hiyohiyo. Watu walikuja na risiti zangu mkononi. Mzee mmoja alikuwa amelipia miezi mitatu mbele. Aliweka boksi juu ya kaunta, akaliangalia, akasema, "Mwanangu, hili sasa nilifanyie nini?" Nilimrudishia nilichoweza kutoka mfukoni mwangu, na hakikutosha. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba muungano ni maafa. MultiChoice wenyewe walikuwa wanapoteza wateja kwa mamia ya maelfu kabla ya Canal+ kuingia, na kampuni inayopoteza wateja namna hiyo inahitaji mtu wa kuishika mkono.

Ninachohofia ni kingine. Afrika Kusini walikaa na Canal+ wakaandika masharti: wafanyakazi wasipunguzwe kwa miaka mitatu, fedha ziende kwenye vipindi na kampuni za kwao. Walifanya kazi nzuri kwa ajili ya watu wao. Lakini masharti hayo yaliandikwa kwa ajili ya Afrika Kusini. Mgahawa wa Kirumba haumo ndani yake. Mteja wa Mwanza anapaswa kuangaliwa na vyombo vya hapa: Tume ya Ushindani, TCRA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo watu wengi hawajui hata kama lipo, na lipo kwa ajili yao. Kifurushi kikibadilika, chaneli ikiondolewa, huko ndiko pa kupeleka malalamiko, kwa maandishi, na risiti. Mimi kaunta yangu inasikiliza, lakini haina mamlaka.

Sasa jibu la mama wa Kirumba, lile nililopaswa kumpa Jumamosi.

Mama, lipia, lakini lipia mwezi kwa mwezi. Usilipe mwaka mzima mbele kwa ajili ya ofa katika kipindi hiki ambacho chaneli zinaweza kuhamishwa. Usinunue king'amuzi kipya kwa sababu tu mtu amekwambia cha zamani kitakufa. XM na Sirius waliendelea kurusha kila mmoja kwa satelaiti zake miaka mingi baada ya kuungana, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayetaka kuzima mamilioni ya wateja kwa siku moja. Siku wakikuletea kifurushi kizuri cha bei ya chini, uliza swali moja kabla ya kufurahi: kinafanya kazi kwenye boksi hili nililonalo? Na uangalie mpira kuliko bei. Ligi unayoiuzia chai ikihamia kifurushi cha juu, umepandishiwa bei hata kama namba haijabadilika.

Juzi jioni nilikwenda mgahawani kwake mwenyewe. Mvua ilikuwa imeanza kutoka ziwani, king'amuzi kimeandika hakuna mawimbi, wateja wanasubiri na sahani zao. Nilikaa nikala sato mpaka wingu likapita na picha ikarudi. Halafu nikamwomba anishushie boksi, nikaligeuza. Nilikuwa nimebeba plasta ya baba, ile ile pana nyeupe, na kalamu ya wino mzito. Nikaandika tarehe, jina la kifurushi, bei aliyolipa, idadi ya chaneli, na chini yake ligi anazoonyesha kwa sasa. Nikabandika nyuma, juu ya namba ya boksi.

"Ya nini hii?" akauliza.

"Utaniletea baada ya miaka mitatu," nikamwambia. "Tutaisoma pamoja."

Tangu jana naviandika ving'amuzi vyote vinavyopita kaunta yangu. Vimefika kumi na moja.